Cha juu kwenye ndinga za moto: mwongozo wa mtu wa Tabora anayetaka Subaru, Mark X au Crown bila kupigwa

Wakuu, mwaka 2022 nilipanda basi la alfajiri kutoka hapa Tabora kwenda Dar kuchukua Forester XT, ile ya turbo. Kwenye simu tulishaelewana na jamaa wa yadi, milioni 22. Nafika pale kesho yake asubuhi, sijaoga, macho mekundu, naambiwa gari sasa hivi ni milioni 25 na laki 5 kwasababu dola imepanda na kuna mteja wa Arusha kashatanguliza hela. Mimi nimeshaaga nyumbani, nimeshawatangazia washkaji Isevya nzima kwamba narudi na chuma. Nikalipa. Wiki mbili baadae nikatulia na kikokotoo cha TRA na karatasi, nikapiga hesabu ya gari lile lile mwaka ule ule mpaka linatoka bandarini, ikagota milioni 18 na laki kadhaa. Hio tofauti ndo tunaita cha juu, hela anayoongeza muuzaji juu ya gharama halisi ya gari. Nililia kimoyomoyo, milioni 7 kwetu huku ni kiwanja Ipuli.

Tangu siku hiyo kila ndugu au jirani anayetaka gari la kukimbia naanza kumkalisha chini kwanza, na haya ndo ninayomwambia. Walioko Kigoma, Urambo, Kaliua na Nzega yanawahusu zaidi kuliko watu wa Dar, maana sisi tuko mbali na bandari na muuzaji anajua ukishasafiri kilometa zote hizo hutarudi mikono mitupu.

Kwanza elewa bei ya kwenye kioo ni nini

Petroli ina bei kikomo. EWURA wanatangaza kila mwezi, Tabora ni kiasi hiki, Kigoma kiasi hiki, na kituo kikiuza juu ya hapo kinaadhibiwa. Gari halina kitu kama hicho. Bei anayoandika muuzaji ni maombi yake tu, na hii sio kwetu peke yetu. Marekani wana sheria ya mwaka 1958 inayolazimisha kila gari jipya libandikwe karatasi kwenye kioo yenye bei ya kiwanda, karatasi yenyewe wanaiita Monroney kwa jina la seneta aliyeipigania, lakini ile bei kisheria ni pendekezo la kiwanda, dila, yaani muuzaji wa magari, hazuiwi kuuza juu yake. Ndo maana zilipotoka Honda Civic Type R mpya na Toyota GR Corolla, dila wengi walikua wanabandika karatasi ya pili pembeni ya ile ya kiwanda, imeandikwa "marekebisho ya soko" na maelfu ya dola juu. Ford mwaka 2022 wakafikia hatua ya kuwaonya dila wao hadharani kwamba anayepandisha bei hovyo atapunguziwa magari. Na Japan kwenyewe Land Cruiser 300 ilivyotoka 2021 foleni ikawa ya miaka, Toyota wakawa wanawasainisha wanunuzi ahadi ya kutoliuza ndani ya mwaka mmoja maana watu walikua wanachukua jipya na kulisukuma nje kwa faida.

Kwahiyo cha juu kinazaliwa pale gari ni chache na wanaolitaka ni wengi. Kwenye magari yetu haya ya mtumba uchache nao ni wa kweli, sio maneno ya dalali peke yake. Injini ya EJ20 ya Subaru ilifika mwisho kwenye WRX STI ya toleo la kufungia, gari 555 tu, mwaka 2019, na hazitaongezeka. Toyota Chaser na Mark II zenye injini ya 1JZ turbo zilipanda bei Japan kwasababu Wamarekani wanaruhusiwa kuingiza gari likifikisha miaka 25, na zile za 1996 zilifikisha 2021, wakaja minadani na hela ndefu tukawa tunagombania nao mzigo mmoja. Hio sehemu ya bei ni halali ilipe. Kazi yako ni kuitenganisha na ile nyingine ambayo muuzaji anaiweka kwasababu ameona macho yako yanawaka.

Hatua ya 1: Taja gari lako mpaka herufi na namba za modeli ya chesisi

Usiseme "nataka Subaru". Sema Forester SG5 ya cc 1,994 turbo mwaka 2005, au Mark X GRX120 ya cc 2,500 mwaka 2007, au Crown Athlete GRS180. Usipotaja hivyo utalinganisha vitu viwili tofauti, unaambiwa Forester milioni 17 kumbe ile haina turbo, halafu yenye turbo unaona imepandishwa kumbe haijapandishwa. Kila kitu kinabadilika hapo, bei Japan, ushuru, spea, mpaka fundi wa kuligusa. Na chagua gari mbili sio moja. Mtu mwenye chaguo la pili anaongea bei akiwa ametulia, mwenye moja anaongea huku anatetemeka.

Hatua ya 2: Piga hesabu yako kabla hujaongea na mtu yeyote

Hapa ndo kwenye nyama naomba usome taratibu.

Gari la mtumba linajengwa na vipande vitano: bei ya CIF (gari, bima na meli mpaka bandari ya Dar), ushuru wa TRA, gharama za bandari na wakala wa kutoa mzigo, usajili na bima, halafu usafiri mpaka Tabora. Vipande vyote unaweza kuvijua ukiwa umekaa chini ya mwembe wako.

CIF unaipata kwenye tovuti za wauzaji wa Japan kama BE FORWARD na SBT, weka gari, weka bandari ya Dar es Salaam, wanakupa jumla kwa dola. Angalia gari kama 5 au 6 za mwaka na kilometa zinazofanana, sio moja.

Ushuru nenda kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, bure kabisa, kinakuuliza aina ya gari, modeli, mwaka, mafuta na cc. Kinavyofanya kazi ndani ni hivi. Ushuru wa forodha 25% ya CIF. Juu ya jumla hio kuna ushuru wa bidhaa, 5% kama injini ni zaidi ya cc 1,000 mpaka 2,000, na 10% ikizidi 2,000. Alafu unakuja uchakavu, gari dogo la zaidi ya miaka 8 mpaka 10 ni 15% na likizidi miaka 10 ni 30%, nayo inapigwa kwenye CIF ukijumlisha forodha. Mwisho VAT 18% juu ya mlima wote huo. Kuna tozo ndogo ndogo nyingine na zinabadilika na bajeti ya mwezi wa 6, kwahiyo kikokotoo ndo cha kuamini kila unapotaka kununua, sio namba za mwaka juzi.

Tuchukue mfano. Mark X ya cc 2,500 imezidi miaka 10, CIF dola 5,000. Forodha 1,250, tumefika 6,250. Ushuru wa bidhaa 625. Uchakavu 1,875. Jumla imekua 8,750, VAT yake 1,575. Ukijumlisha ushuru peke yake ni dola 5,325, umeona, serikali imechukua zaidi ya bei ya gari lenyewe. Sasa chukua CIF hio hio kwa Subaru ya cc 1,994, ushuru unashuka mpaka dola 4,956 na senti. Tofauti inakaribia dola 370 kwasababu ya cc tu. Muuzaji akikuambia "hizi za turbo ushuru wake ni mkubwa" mjibu taratibu kwamba ushuru unaangalia thamani ya gari, cc na umri, turbo yenyewe haimo.

Kitu kimoja, TRA wana thamani zao kwenye mfumo. Hata ukija na invoisi ya dola 2,000, kama wao gari hilo wanalijua kwa 4,000 watatumia yao, kwahiyo usijidanganye na gari la bei ya kutupa.

Gharama za bandari na wakala waulize mawakala wawili watatu wakupe mchanganuo kwa maandishi. Ongeza usajili, bima, na mafuta ya kulileta. Hio jumla iandike kwenye daftari kwa wino. Mimi naiita namba ya nyumbani, usiitaje kwa mtu.

Hatua ya 3: Tafuta cha juu ni shingapi

Bei ya yadi toa namba yako ya nyumbani, kinachobaki ndo cha juu.

Sasa tusiwe watu wa kulalamika tu, mwenye yadi amefunga hela yake miezi mitatu, analipa pango, mlinzi, na gari likifika na shida ni lake. Faida ni haki yake na mimi siwezi kununua kwa mtu anayekula hasara. Kwa gari la milioni 25 nikiona milioni 2 mpaka 3 juu ya hesabu yangu nakaa chini tunaongea vizuri. Ikifika milioni 5 nauliza maswali. Ikifika 7 kama mimi 2022, naaga naondoka.

Cha juu kina sura nyingi. Kuna cha dalali, na dalali mara nyingi sio mmoja, picha inapita kwa watu watatu wanne kila mmoja anaweka laki 5 yake, ndo maana gari moja unaliona na bei nne tofauti. Dawa yake ni kuomba video ya gari mtu akiwa pale pale na ataje tarehe ya leo, dalali wa mbali hawezi. Kuna cha vikorombwezo: rimu, mziki, tinti, taa za rangi, spoila, anakuambia gari tayari limemodifaiwa. Wamarekani nao wanalia na hii hii, dila anafunga vitu ambavyo hukuomba anavijumlisha kwenye bei. Mwambie akupe bei ya gari likiwa na rimu zake za Japan, ukitaka mziki utafunga mwenyewe. Na kuna cha dola. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa biashara za ndani ya nchi, kwahiyo gari liko yadi Dar au Mwanza bei yake inatakiwa iwe shilingi. Anayekupigia hesabu ya dola kwa "reti ya leo" anayoijua yeye, hapo ndo anapojificha.

Halafu msimu. Huku kwetu pesa ya tumbaku ikishaingia kwa wakulima, madalali wanajua, simu zinapigwa Urambo na Kaliua kutwa. Kama huna haraka nunua nje ya kipindi hicho.

Hatua ya 4: Usisafiri bila maandishi

Hili ndo kosa langu lote lilipoanzia. Kabla hujakata tiketi, tuma meseji WhatsApp ya namna hii:

"Habari kaka. Nahitaji ile Forester nyeusi. Naomba namba ya chesisi, karatasi ya mnada, na bei ya mwisho kwa shilingi ikiwa na kila kitu ndani, usajili na kadi kwa jina langu. Nipo Tabora, nikithibitisha bei nasafiri na nalipa benki siku hiyo hiyo. Bei ikibadilika nikifika sitachukua."

Sentensi ya mwisho usiifute hata ukiona aibu. Mwenye gari la kweli atajibu. Anayesema "we njoo tu tutaongea" anataka ufike umechoka. Tuma hio meseji kwa yadi tatu au nne, Dar, na Mwanza pia usiisahau maana ni karibu zaidi na sisi, afu muonyeshe wa kwanza bei ya wa pili. Bila ugomvi, bila kumuita mtu mwizi. Mwambie tu kaka nimepata hapa kwa kiasi hiki, ukinifikia nakuja kwako.

Na advance usitume kwa namba ya simu ya mtu. Ikilazimika, akaunti ya kampuni, na risiti iandikwe chesisi, bei kamili, na kwamba hela inarudi gari likikutwa tofauti.

Hatua ya 5: Kagua, maana cha juu kibaya zaidi ni cha gari bovu

Magari haya yamekimbizwa. Mtu hakununua WRX Japan ili aende nayo sokoni kununua mboga.

Karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani Japan, ndo cheti cha kuzaliwa. Gredi 4 na 4.5 ni nzuri, 3.5 ni ya kawaida ina makovu, R au RA maana yake lilishagongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anayedai cha juu cha gari "safi" halafu hana karatasi, cha juu anadai cha nini? Na kilometa usiamini dashibodi, cheti cha kusafirisha gari kutoka Japan kinaonyesha kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho kule, linganisha.

Lipa fundi. Mtafute mwenyewe, sio wa kuletewa na yadi, laki moja yake itakuokoa. Gari liwashwe likiwa la baridi kabisa, ukifika ukakuta injini ishapashwa moto, subiri ipoe hata masaa mawili. Subaru ya turbo angalia moshi wa bluu ikiwashwa na ukiachia mafuta, sikiliza kugonga kwa chini, kagua uvujaji wa oili pembeni za injini na maji kupungua. Uliza taimingi belti ilibadilishwa lini, inatakiwa karibu kilometa 100,000 na ikikatika valvu zinapigwa, hio ni injini imekwenda. Mark X na Crown zenye injini ya 4GR ya cc 2,500 zina tabia ya kula oili pete za pistoni zikijaa kaboni, vuta dipstiki uone. Kama lina bomba kubwa, turbo kubwa, kompyuta imechezewa, mimi binafsi silichukui hata kwa punguzo, labda uwe fundi.

Hatua ya 6: Siku ya kulipa

Wakili aandike mkataba, jina la kwenye kadi lifanane na anayepokea hela. Lipa benki.

Risiti ya EFD dai ya bei kamili uliyolipa. Kuna wanaokuambia "tuandike nusu tukwepe kodi". Kataa. Umelipa 25 risiti inasema 12, gari likileta shida ukienda kudai, utadai 12. Na kama bei ya tangazo na bei ya pale ni mbingu na ardhi, yale matangazo ya kuvutia watu kwa uongo yanagusa Sheria ya Ushindani ya 2003, unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani na ile meseji yako ya WhatsApp ndo ushahidi. Hawatakupangia bei, bei ni yenu wawili, ila uongo ni kosa.

Wakikubadilishia bei mlangoni, toka. Najua ni ngumu, nimekuambia mimi nilishindwa. Ndo maana siku hizi nikienda na mtu nalipia kabisa tiketi ya kurudi, iwe mfukoni. Mdogo wangu mwaka jana tulitoka yadi moja tukafika mpaka kituo cha daladala, simu ikaita, bei ikarudi ile ya kwenye meseji.

Au agiza mwenyewe

Ukiwa na subira ya miezi miwili mitatu, cha juu chote unakiruka. Unalipa kampuni ya Japan kwa benki ukifuata invoisi yao, akaunti iwe ya kampuni na uipigie simu kampuni kwa namba iliyo kwenye tovuti yao kuithibitisha, maana matapeli wanabadilisha namba za akaunti kwenye barua pepe. Nyaraka zifike kabla ya meli, ushuru uwe tayari benki, kwasababu siku za bure bandarini zikiisha unaanza kulipia uhifadhi na huo ni cha juu ulichojiwekea mwenyewe. Ushuru lipa kwa kontro namba yako mwenyewe, wakala mpe ada yake tu.

Kulileta nyumbani

Pita Dodoma, Manyoni, Itigi mpaka Tabora, lami. Usimpe dereva wa kukodi gari la turbo bila wewe kuwepo ndani, nasema kwa herufi kubwa, USIMPE. Kabla hujatoka Dar badilisha oili na filta, kagua tairi tarehe zake maana mtumba unakuja na tairi za miaka, na magari haya yako chini, matuta ya vijijini yanakwangua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ukiyapanda kwa haraka. Wa Kigoma mkifika hapa lipumzisheni, mlale, asubuhi fundi aangalie oili na maji kabla hamjaishika Urambo, na kabla hujalala piga picha kadi, risiti, mkataba na karatasi ya mnada uzitume kwa mtu wa nyumbani.